Hesabu za Chuo Kikuu: Tuhesabu Gharama Kwanza

Vijana wengi wanaomaliza sekondari wanatamani kuingia Politekniki ya Lubumbashi, wawe mainjinia wa migodi. Ni jambo jema. Lakini mwaka wa kwanza wanakutana na analizi, na wengi wanashangaa: kumbe sheria zake ni kali!

Analizi iko na kazi mbili kubwa. Derive inaonyesha kitu kinabadilika upesi namna gani, ao mtelemko ni mkali kadiri gani. Integrale inajumlisha vipande vidogo vidogo, mpaka tujue ukubwa wa shimo lote.

Profesa anadai nini? Kufika kwa saa. Kufanya mazoezi kila siku, si usiku mmoja mbele ya mtihani, kwani asiyeelewa limiti hataelewa derive. Kutokopia. Kupata 10 juu ya 20. Asiyefika anarudi kwa sesioni ya pili.

Wazazi, nanyi muko na kazi. Mutoto akiwa na mazoezi, musimutume sokoni kila jioni. Tena akiomba makuta ya kununua pointi, mukatae. Kesho huyo ndiye atapima mtelemko wa ukuta wa mgodi, na chini yake ndugu yako anafanya kazi. Ukuta hausomi diploma.

Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara aketi kwanza, ahesabu gharama (Luka 14:28). Kijana, keti na wazazi wako. Hesabuni saa za kusoma, makuta ya masomo na kazi za nyumbani. Kisha anza, wala usirudi nyuma.