Karanga na Ndugu Zake wa Mwituni

Seli ya mwili wa mkaranga ina kromosomu 40, ilhali karanga-mwitu nyingi za Amerika ya Kusini zina 20 tu. Kwa nini? Hapo kale Arachis duranensis na Arachis ipaensis zilichavushana. Kromosomu za chotara wao zikaongezeka maradufu, kila moja ikapata mwenzi, naye akaweza kutoa mbegu.

Hata hivyo, wingi huo ulimtenga na ndugu zake. Mkaranga ukichavushwa na karanga-mwitu, mtoto hurithi 20 na 10, yaani 30. Kwa kawaida huwa tasa. Kwa hiyo wataalamu watafutao kinga ya madoa ya majani huchavusha kwanza karanga-mwitu mbili, kisha hutumia dawa ya kolchisini kuzifikisha kromosomu 40. Ndipo undugu hurejea.