Kamba na Samaki: Nani Akae na Nani Tangini?

Tangu mjomba aliponiletea tangi la kioo la lita 200 nyumbani kwetu Likoni, kila mgeni huniuliza: "Mbona hao kamba hawaliwi?" Nitaeleza, manake jirani yetu alitia kamba wawili pamoja na kikande mmoja, asubuhi akakuta ndevu tu zinaelea.

Kwanza tazama mdomo wa samaki. Chewa, mkunga, bunju na kikande hula kamba huko miambani, na tangini hawaachi tabia hiyo. Usidanganyike na chewa mdogo kama kidole. Hukua, na mdomo hukua naye. Wanaofaa ni wale samaki wadogo wa kahawia na rangi ya chungwa, wenye mistari miwili myeupe, wanaojificha ndani ya anemoni. Hao hawana haja na kamba mkubwa. Kangaja naye hula mwani, lakini tangi kama langu humbana, kwa hivyo simweki.

Katika kamba, nimpendaye ni kamba msafishaji, mwenye mistari miwili miekundu mgongoni na mmoja mweupe katikati. Hupunga ndevu zake nyeupe kama utingo wa matatu anayeita abiria. Samaki huja akasimama tuli, naye humtoa vidudu na ngozi iliyokufa. Baharini hata mkunga humfungulia kinywa! Basi mtu atasema mkunga awekwe naye. Hapana. Baharini kamba ana pa kukimbilia, tangini hana. Wasafishaji wawili hukaa pamoja bila taabu, lakini yule mwenye makucha marefu ya mistari miekundu na myeupe weka mmoja tu, kwani wawili wasiokuwa mke na mume hupigana hadi kuuana.

Halafu yuko kamba mchimbaji, ambaye haoni vizuri. Yeye huchimba shimo, na samaki mdogo wa mchangani hukaa mlangoni akilinda. Kamba akitoka huweka udevu mmoja juu ya mwenzake. Samaki akitikisa mkia tu, wote ndani! Ukimpata mmoja, mtafute na mwenziwe.

Kamba hujivua gamba, kwa hivyo ukiona ganda tupu usianze matanga. Lakini siku hizo mwili wake ni laini, na hata samaki mpole humdonoa. Mwekee mawe yenye mapango. Na samaki akitoka madoa meupe, mtibu kwenye beseni lake pekee: dawa ya shaba inayomponya yeye humuua kamba.

Maji usiteke feri, penye mafuta ya meli, wala baada ya mvua kubwa, maana chumvi hupungua na kamba hastahimili mabadiliko ya ghafla. Mimi hungoja bamvua, maji yakijaa, nikateka ufuo wa Shelly. Kamba mpya mtonezee maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima kabla ya kumtia.

Mjomba huvua kwa leseni, kwa wavu mdogo wa mkono. Mbuga ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986 kule mbele ya Nyali na Bamburi, hata kamba mmoja haruhusiwi kutolewa. Akiniletea mzigo, kamba hutangulia tangini, samaki hungoja wiki mbili, ili wakiingia wamkute mwenyeji keshachagua pango lake.