Amekosa Hesabu, Ataka Kusoma Kompyuta

Katika basi la kutoka Pangani kwenda Tanga niliketi na mzee mmoja wa Mwera, amepakata bahasha kubwa ya kaki. Tuliamkiana, tukaulizana habari za mvua na bei ya nazi, ndipo akanieleza safari yake. Mpwa wake, ambaye alimlea tangu utoto, yu mwaka wa kwanza katika chuo kikuu, asomea ualimu. Juma lile kijana alikuwa amepiga simu kusema ya kuwa ualimu haumpendezi tena. Ataka kuhamia sayansi ya kompyuta. Na huko mjini yuko bwana mmoja aliyemwahidi kumhamisha kwa shilingi laki nane.

"Basi nakwenda kuonana na mtu anayetaka kununua minazi yangu," akasema mzee. "Mtoto akiwa na nia njema, mjomba afanyeje?"

Nikamwomba anionyeshe karatasi zilizomo bahashani. Kidato cha sita kijana alisoma Historia, Jiografia na Kiingereza, akafaulu vema. Hesabu za kidato cha nne alipata D, na tangu siku ile hakushika tena kitabu cha hesabu. Nilimwambia mzee asiuze hata mnazi mmoja siku hiyo. Sababu zake nitazieleza hapa kwa ajili ya wazazi wengine, maana nadhani bahasha kama ile zimo katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Moa hata Kipumbwi.

Kwanza habari ya kuhama. Mwanafunzi aweza kubadili masomo chuoni, au kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Si jambo la ajabu. Lakini hufanywa katika muda uliotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, na kwa kupitia ofisi ya udahili ya chuo chenyewe. Hapo hutazamwa mambo mawili. Je, nafasi ipo? Na je, mwanafunzi atimiza masharti ya kuingilia masomo hayo mapya, sawasawa na yule aliyeyaomba tangu mwanzo? Likikosekana hilo la pili, hakuna barua ya paroko, ya diwani wala ya mbunge itakayomwingiza. Nilimwuliza mzee kama bwana yule wa laki nane alitaja ofisi yake, au stakabadhi atakayotoa. Hakutaja.

Na masharti yenyewe? Aliyemaliza kidato cha sita miaka hii hutakiwa awe amefaulu masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Juu ya hayo kila chuo huongeza yake, na katika sayansi ya kompyuta nyongeza hiyo mara nyingi huwa ni hesabu. Viko vyuo vitakavyo hesabu ya juu ya kidato cha sita, wanayosoma vijana wa PCM, PGM na EGM. Vingine huridhika na masomo mengine ya sayansi, mradi mwombaji awe na ufaulu wa ile hesabu ndogo iitwayo BAM, wanayofanya vijana wa PCB na CBG, au alama nzuri ya hesabu za kidato cha nne. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo, na humo masharti ya kila shahada yameandikwa chuo kwa chuo. Kijana wa HGL hana hata hiyo BAM.

Wako watakaosema haya ni maringo ya wasomi: kijana ajua kutengeneza simu za kijiji kizima, hesabu za nini tena? Nami zamani nilidhani hivyo. Lakini chukua daftari la ubatizo la parokia, lenye orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Ukitafuta jina kwa kusoma moja moja tangu juu, huenda ukayasoma yote. Ukifungua katikati, ukaona jina lako li mbele au li nyuma, ukaiacha nusu isiyohusika, kisha ukafanya vivyo hivyo kwa nusu iliyobaki, utalifikia kwa hatua 10 hivi. Na majina yakiwa 1,000,000, je, hatua ni ngapi? Ni 20 tu. Kujua kwa nini ni 20, na kuthibitisha ya kuwa hazitazidi sana, ndiyo kazi ya sayansi ya kompyuta, nayo ni hesabu tupu. Kuitumia mashine ni jambo jingine. Dereva wa basi letu aliendesha vizuri sana, lakini hakuliunda yeye.

Tena masomo yake hufuatana kama pingili za muwa. Mwanafunzi huanza na kuandika programu na hesabu za mantiki. Ndipo aje kwenye namna za kupanga data, na juu ya hapo afike kwenye algorithimu. Kozi nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, na aliyeikosa hungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo hata mwanafunzi aliyekubaliwa kuhama kutoka shahada nyingine ya sayansi, chuo kitalinganisha kozi alizozisoma na zile za huko aendako, na zisizolingana atazisoma upya. Shahada ya miaka mitatu yaweza kuwa minne. Ni vema kuwauliza mapema Bodi ya Mikopo kama watalipa mwaka huo wa nyongeza, kabla ya kutia sahihi lolote.

Siwalaumu wazazi kwa kutojua haya. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi wetu tulikua bila kuiona, licha ya kuisoma. Tungewashauri watoto nini?

Basi aliyekosa hesabu afanyeje? Njia zipo, ila hakuna hata moja inayoizunguka hesabu. Aweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea akarudia hesabu za kidato cha nne, au akafanya hesabu ya juu ya kidato cha sita, ambayo haihitaji maabara wala dawa za kemia. Aweza kusoma stashahada ya kompyuta katika chuo kinachotambuliwa na NACTVET: aliyemaliza kidato cha nne aingia kwa ufaulu wa masomo manne (nanyi wazazi angalieni, somo la dini halihesabiwi humo), na akimaliza kwa wastani wa 3.0 aweza kuomba shahada. Chuo Kikuu Huria nacho kina masomo ya msingi ya mwaka mmoja kwa wasiofikia pointi, na ofisi yake iko hapo Tanga mjini.

Mimi naiona stashahada kuwa ndiyo njia ya uhakika zaidi kwa kijana wa kijijini, ingawa ni ndefu, kwa sababu humfundisha hesabu pole pole pamoja na kompyuta yenyewe. Kuikabili hesabu ya juu peke yako, ukitoka kwenye D, ni kupanda Usambara kwa magoti.

Kwa aliye kidato cha nne mambo ni mepesi zaidi. Matokeo yakitoka, serikali hutoa nafasi ya kubadili tahasusi kabla ya kwenda kidato cha tano. Mzazi akae na mwanawe jioni hiyo, amwulize atakalo, kisha watazame herufi zile tatu pamoja.

Tulipofika stendi ya Tanga tulimpigia kijana simu, mzee akampa maneno yote. Kimya kikawa kirefu. Kisha kijana akauliza, "Mjomba, je, chuo nilichopo nikiache?" Mzee akanitazama. Nilisema asikiache mpaka mlango mwingine umefunguka kwa maandishi. Mnunuzi wa minazi alikuwa akingoja ng'ambo ya barabara. Mzee akaenda kumwomba radhi kwa kumpotezea asubuhi yake.

Mwezi uliopita alinipigia. Kijana aendelea na ualimu, naye amejiandikisha kurudia hesabu za kidato cha nne. Mzee alitaka kujua kama namfahamu mwalimu wa hesabu awezaye kumfundisha wakati wa likizo, na kama atakubali kulipwa kwa nazi.