Kabla Merikebu Haijatia Nanga

Tarehe 7 Novemba, 1918, siku nne kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kukoma, merikebu iitwayo Talune, iliyotoka Auckland katika nchi ya New Zealand, ilitia nanga katika bandari ya Apia, mji mkuu wa Samoa ya Magharibi, ikiwa na abiria waliokwisha kushikwa na homa kali ya mafua. Na wakubwa wa bandari, ambao wajibu wao ulikuwa kuwakagua na kuwazuia, wakawapa ruhusa ya kushuka. Haikutimia miezi miwili ila watu wapatao 8,500 walikuwa wamefariki, katika nchi iliyokuwa na watu 38,000 tu, yaani katika kila watu watano alizikwa mmoja na zaidi. Upande wa mashariki, ng'ambo ya bahari, iko Samoa nyingine, iliyokuwa chini ya Marekani, ambayo watu wake ni wa asili moja na wale, wenye lugha moja na vyakula vilevile, wakikaa katika nyumba za namna ileile zisizo na kuta na zilizojaa jamaa; na katika Samoa hiyo homa ile haikuua hata mtu mmoja.

Mwenye kuyatafakari haya mawili pamoja hawezi kusema kwamba tofauti ilikuwa dawa, maana dawa ya homa ile haikuwapo popote duniani, na matabibu wa siku zile hawakukijua hata kile kinachoileta, kwa kuwa virusi vya mafua ya binadamu havikutambuliwa mpaka mwaka 1933. Tofauti ilitokana na hadhari iliyotangulia. John Poyer, ofisa wa jeshi la maji aliyekuwa gavana wa Samoa ile ya Marekani kule Pago Pago, alipata habari za homa kwa simu ya upepo, akazisadiki, akaamuru vyombo vyote vizuiliwe kabla mtu wake yeyote hajaanza kukohoa. Lakini amri ya gavana mmoja ingefaa nini katika visiwa ambavyo kila kijiji kina pwani yake, na kila pwani ina mitumbwi? Waliolinda kwa hakika ni Wasamoa wenyewe, ambao wakuu wao wa vijiji waliielewa sababu ya amri ile, wakaikubali, wakaweka zamu ufukoni ili mitumbwi ya upande wa pili isishuke, ijapokuwa jamaa walikuwa pande zote mbili na kumfukuza ndugu baharini ni jambo zito kwa watu wanaoheshimu ugeni.

Kule Apia, chini ya Kanali Robert Logan, mtawala wa kijeshi wa New Zealand, hapakuwa na amri wala maafikiano ya namna hiyo. Jambo la kusikitisha kupita yote ni kwamba wengi hawakuuawa na homa peke yake. Nyumba nzima ililala kwa siku moja, asisalie wa kuteka maji wala wa kuchimba magimbi yaliyokuwa tele shambani, hata mgonjwa ambaye pengine angaliinuka kwa kikombe cha uji akafa kwa njaa na kiu. Nalitaja hili kwa sababu aghalabu matayarisho ya maradhi hudhaniwa kuwa ni shughuli ya hospitali tu, ilhali katika homa inayoangusha mtaa mzima pamoja, mtu wa kupita na ndoo ya maji na sufuria ya uji huokoa roho nyingi.

Homa hiyohiyo ilifika pwani yetu. Mwezi wa Septemba 1918 iliingia Mombasa kwa njia ya bahari, ikapanda bara kwa reli, na huko Tanganyika ikawakuta watu waliokwisha kudhoofishwa na miaka minne ya vita, ya upagazi wa kushurutishwa na ya njaa. Si kwamba hadhari ya maradhi yajayo kwa bahari ilikuwa jambo geni. Karibu na Unguja kipo kisiwa cha Changuu, kilichojengwa jela isiyopata kuwekwa wafungwa, kikageuzwa kuwa karantini ya abiria wa majahazi na merikebu. Na Waislamu wa pwani hii tangu zamani wanayajua mafundisho juu ya nchi iliyoingiwa na tauni, kwamba aliye nje asiingie na aliye ndani asitoke. Wanakijua pia kisa cha Khalifa Umar bin Khattab, aliyefika Sargh akielekea Sham, akapata habari za tauni, akafanya shauri na masahaba, kisha akarejea Madina na watu wake. Mimi naona kwamba neno kubwa katika kisa hicho ni lile shauri, maana hata Khalifa hakuamua mpaka alipowasikiliza watu.

Leo homa haingoji merikebu. Mwaka 2009, ilipozuka homa mpya ya mafua ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Juni kuwa imeenea ulimwenguni, mtu wa kwanza kuthibitishwa kuwa nayo nchini Kenya alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza, na aligunduliwa Kisumu, mbali na bandari na mbali na uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi. Mtu huweza kukaa siku moja mpaka nne na virusi mwilini kabla hajaona dalili, na huanza kuwaambukiza wengine siku moja hivi kabla ya kujiona mgonjwa. Kwa hiyo apitapo mbele ya mkaguzi akiwa mzima wa sura, mkaguzi hana kosa. Mlango halisi wa nchi umehamia katika zahanati ya kata, ambako muuguzi mmoja, akiona wagonjwa wa kifua wamezidi desturi ya majira, anaweza kupiga simu wilayani au anaweza kunyamaza.

Yafaa kueleza kwa nini homa hizi mpya hazikomi kuzuka. Virusi vya mafua vina vipande vinane vya urithi, na makazi yao ya asili ni ndege wa majini. Ikitokea mnyama mmoja, kama nguruwe, akaingiwa na aina mbili kwa wakati mmoja, vipande huweza kuchanganyika, ikazaliwa aina ambayo miili ya watu haijapata kuijua. Ndivyo zilivyozuka zile za 1957, 1968 na 2009. Chanjo ya aina mpya hupatikana, ila baada ya miezi mitano au sita ya kazi, na hapo ni kwa nchi zilizotangulia kuagiza. Basi nusu mwaka ya kwanza ni juu yetu wenyewe, kwa maji, sabuni, nafasi na maelewano.

Na kwa kuwa chanzo ni ndege, ulinzi huanza bandani. Mwaka 1997 huko Hong Kong homa kali ya ndege iliwapata watu 18, ikawaua 6, na serikali ikachinja kuku wote wa mji kwa muda wa siku chache. Mwezi wa Januari 2017 homa nyingine ya jamii hiyo ilikutwa Uganda, katika ndege wa ghuba ya Lutembe ufukoni mwa Ziwa Viktoria, na katika kuku na bata wa Masaka. Hapa ipo hatari ambayo mtu wa mjini haioni upesi. Kila mwaka, majira ya upepo na baridi, mdondo huingia vijijini na kufyeka kuku, na mwenye nyumba, ambaye amekwisha kuzoea msiba huo, huwachinja wanaosinzia, huwala au huwapeleka gulioni kabla hawajafa, wala hamwiti bwana mifugo, kwani aitwe kwa lipi? Homa ya ndege ikija itavaa sura ya mdondo. Basi ni lazima mfugaji ajue mapema kwamba vifo vya ghafla vya kuku wengi si siri ya nyumba, na ajue pia, kwa ahadi iliyotamkwa hadharani na yenye fedha nyuma yake, kwamba kuku wake wakichinjwa kwa amri atalipwa fidia. Asiyeahidiwa fidia ataficha kuku wake chini ya uvungu, nami simlaumu, kwa maana kuku hao ndio ada ya shule na ndio dawa ya mtoto.

Wenye madaraka nao wana mtihani wao, ambao ni kutangaza jambo zito kabla halijaonekana kwa macho. Mjini Philadelphia, nchini Marekani, mwaka 1918, matabibu walitahadharisha, lakini wakubwa waliruhusu maandamano ya tarehe 28 Septemba yaliyokusanya watu wapatao 200,000, na baada ya siku chache hospitali zilifurika. Mji mwingine wa nchi hiyo, Saint Louis, ulifunga shule, makanisa na nyumba za michezo siku mbili tu baada ya wagonjwa wa kwanza kuonekana mjini, na wiki yake mbaya kabisa haikukaribia ile ya Philadelphia. Kwetu jambo gumu litakuwa maziko na matanga, arusi, ibada na gulio, mambo ambayo hayafungwi kwa tangazo la redio pasipo watu kuona wamedhulumiwa. Mtendaji wa kata au sheha ambaye hajapata kukaa na imamu, padri na mwenyekiti wa soko siku za salama, akija kuwaamuru siku ya hofu ataonekana adui.

Hayo ni ya baraza. Ya nyumbani ni mepesi na yanaweza kuanza leo. Kibuyu chirizi hakihitaji fundi: galoni ya lita tano hutobolewa tundu moja kwa msumari wa moto, hutundikwa kwenye mti juu ya nguzo mbili, hufungwa kamba kutoka shingoni mpaka kwenye kijiti kilicholala chini, mguu ukikikanyaga kijiti, galoni huinama na maji huchirizika, na kipande cha sabuni huning'inia kando, mkono usiguse kitu. Mgonjwa akae katika chumba chenye dirisha wazi, ahudumiwe na mtu mmoja aliye mzima, wala si na mama mjamzito wala bibi mzee, kwa kuwa homa hizi huwaonea sana hao.

Mwezi wa Juni 2019, Kenya na Tanzania zilifanya mazoezi mpakani Namanga, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambapo mlipuko wa kubuni wa homa ya Bonde la Ufa ulichukuliwa kuwa umevuka mpaka, na maofisa wa afya, mifugo, uhamiaji na forodha wa nchi mbili wakatakiwa kutenda kama ndiyo siku yenyewe. Hakuna kinachozuia kata kufanya yake, siku moja ya mwaka baada ya mavuno. Wakae mtendaji, bwana mifugo, mganga wa zahanati, mwalimu mkuu, viongozi wa dini na mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wapewe kisa, kwamba kuku mia wamekufa kwa siku mbili, na kijana aliyewachinja ana homa na anahema kwa shida. Kisha waulizane nani anampigia nani simu, na namba iko wapi, nani atafunga gulio la Jumamosi, madarasa gani yatalazwa wagonjwa na ufunguo anao nani, na nyumba ambayo wote wamelala itapelekewa uji na nani. Majibu yaandikwe, yabandikwe katika ofisi ya kata na mlangoni mwa zahanati, na mwaka wa pili yasomwe tena, kwa sababu watendaji huhamishwa na namba za simu hubadilika.