Mtoto, Hadithi na PIN Yako
Mzazi, mtoto akishika simu yako hagusi kitufe kimoja, anagusa vyote. Mbunifu wa vitabu vya hadithi vya kidijitali anaanzia hapo. Kila ukurasa anajiuliza: mtoto akimgusa huyu sungura, hadithi itasonga ama itakatika? Picha zikirukaruka bila sababu, mtoto atacheza tu na kusahau kisa. Neno likiwaka huku likisomwa kwa sauti, anajifunza kusoma. Wengine husikia kwa macho: jijini Nairobi, Studio KSL ya eKitabu hutengeneza hadithi zenye video za Lugha ya Ishara ya Kenya kwa watoto viziwi.

Mbunifu makini pia huweka sehemu ya kulipia mbali na vidole vidogo, nyuma ya swali la mtu mzima. Lakini mlango wa mwisho ni wako. Sisi tukikutumia ombi la malipo, pesa haitoki bila PIN. Kwa hivyo usimpe mtoto PIN, hata akililia ukurasa unaofuata. Soma jina na kiasi kwanza. Si wewe uliyeomba? Ghairi.

Ukishalipia, keti naye, msome pamoja.