Je, Wajua? Filamu Fupi ya Dunia Isiyo na Maji

Je, wajua kuwa filamu fupi ya Pumzi, ya dakika 20 na ushei tu, iliongozwa na Mkenya ambaye hakuwa ametimiza miaka 30? Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1980, aliikamilisha mwaka 2009, na Januari 2010 ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani.

Hadithi yake inatisha. Vita vya maji vimeiteketeza dunia. Nje ni jangwa tupu. Waliosalia wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakizalisha umeme kwa kukimbia juu ya mashine. Jasho na mkojo husafishwa, vikanywewa tena. Hata ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha, mfanyakazi wa makumbusho, anatumiwa udongo wenye unyevu. Anaunusa, anapanda mbegu, inachipua. Wakubwa wanamnyima kibali cha kutoka, naye anatoroka. Huko jangwani anaupanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho, kisha anaukinga na jua kwa kitambaa chake na mwili wake.

Mtu wa Handeni, mkoani Tanga, Tanzania, ataielewa hadithi hii bila kuelezwa. Wilaya hiyo kavu imetegemea kwa miaka mingi bomba kuu linalovuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe. Naamini hadithi kama hii ingeweza kuzaliwa huku huku. Kijana wa Handeni au Korogwe mwenye kamera, itafute Pumzi, uitazame, kisha uandike yako.