Dumu la Watu na Dumu la Gari

Kila mwaka kitabu hiki hutuletea khabari za harusi, za waliozaliwa na za waliotangulia mbele ya haki. Mara hii vijana wameniomba niandike ile safari ya Sur ya mwaka 1986, ambayo wameisikia vipande vipande barazani, kila msimulizi akijitia ushujaa. Mimi nitaieleza kama ilivyokuwa, pamoja na kosa langu.

Tulikuwa wanne, sote tumetoka Unguja: mwuguzi, karani, fundi wa umeme ambaye ndiye mwenye gari, na mimi mwalimu. Siku zile mapumziko ya Oman yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Tukatoka Alkhamisi baada ya sala ya Alfajiri, mwezi wa Januari. Gari lenyewe lilikuwa mkweche: mlango mmoja ukifungwa kwa kamba, na kuliwasha kulitaka watu watatu wa kusukuma na mmoja wa kuomba dua. Tulipakia hema, majamvi, sufuria, mchele, birika la kahawa, na dumu moja la maji la lita 20.

Njia ya lami ya kwenda Sur ilipita bara, kwa Ibra. Sisi tulitaka bahari. Baada ya Quriyat tukaingia njia ya vumbi na mawe, na tulipoifikia pwani tukawa na bahari kushoto na milima kulia. Baada ya Dibab tukasimama Hawiyat Najm, shimo kubwa la mawe ya chokaa lenye maji ya kijani, ya tamu na ya chumvi yamechanganyika. Wenyeji husema nyota ilianguka pale. Wataalamu husema ni paa la pango lililobomoka. Tukaogelea, tukala, tukacheka.

Kabla ya kufika Fins, rejeta ikatoa mvuke. Mwenye gari akafungua boneti, akasema tungoje ipoe kisha aitazame vizuri. Mimi, kwa pupa ya kufika, muda haujapita mwingi nikashika dumu.

"Maalim," akasema mwuguzi, "hayo ni maji ya watu."

Nikamjibu kwa ukali kwamba gari likipata maji tutafika kijijini, na huko tutakunywa tushibe. Nikamimina. Kumbe mpira wa rejeta umepasuka kwa chini. Maji yote yakaishia mchangani, nasi tunayatazama.

Hakuna aliyenilaumu, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko lawama. Birikani mlibaki vikombe vinne vidogo vya kahawa. Karani alikuwa ametapika njiani, na mwuguzi akampa cha kwake. Tukakaa kivulini mwa gari mpaka Alasiri, na hapakupita mtu.

Mara akatokea mzee mmoja mvuvi na punda wake. Nikamsalimu kwa Kiarabu changu cha chuoni. Akaitika, kisha akawasikiliza wenzangu wakinong'onezana. Akauliza, "Nyinyi watu ya Unguja? Maji iko."

Mzee yule alipokuwa kijana alikuwa baharia wa majahazi ya Sur. Alikuwa akija kwetu na kaskazi, chombo kimejaa tende na samaki mkavu, akirudi na kusi na boriti za Lamu. Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini, lakini kilitutosha. Alitunywesha kwanza sisi. Baadae akaukaza ule mpira kwa vitambaa na uzi wa kuvulia, kwa utaratibu, kama anayekalafati mwanya wa jahazi. Tulipotaka kumlipa alikataa. "Mimi kunywa maji ya Unguja miaka mingi," akasema.

Wakubwa wenzangu wanakumbuka hali ya siku zile. Baadhi yetu tukiona haya kusema Kiswahili kwa sauti sokoni, tusije tukaitwa wageni katika nchi ya babu zetu. Usiku ule, tulipolala pwani ya Fins na mzee akinywa kahawa nasi, niliona haya kwa kuwa niliwahi kuionea haya lugha iliyotupatia maji.

Ijumaa tulipita Qalhat, penye kaburi la Bibi Maryam, mji ambao tangu mwaka 2018 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliwahi kwenda Qalhat kwa miguu kutokea upande wa Sur, akidhani ni karibu. Alifika hoi, miguu imevimba. Basi si sisi wa mwanzo kupata taabu pwani ile kwa haraka zetu. Sala ya Ijumaa tuliisali Sur, tukarudi Maskati kwa njia ya lami.

Leo barabara kuu imenyooka mpaka Sur. Nilipokwenda na wajukuu hatukutumia hata saa mbili na nusu, na vijiji tulivipita kwa mbali. Mwuguzi na mwenye gari wametangulia, Mungu awarehemu. Mjukuu wangu aliuliza kwa nini nachukua madumu mawili katika gari jipya. Nikamwambia: moja la watu, moja la gari, na la watu haliguswi. Kisha nikamtaka ayarudie maneno hayo kwa Kiswahili.